GOTTFRIED WILHELM LEIBNIZ: MZEE WA SABABU YA KUTOSHA

Wahenga walinena kwamba hapana moshi pasipo moto. Methali hii tumeitia katika insha zetu mara nyingi hata hazihesabiki. Mimi mwenyewe nilikuwa naipenda sana, mpaka siku ilipogeuzwa rungu la kumpigia nyanya yangu. Ndiyo sababu katika toleo hili sikuandika juu ya Mekatilili wala Muyaka. Nimechagua kukusimulia maisha ya Mjerumani mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1716, ambaye alishikilia neno moja tangu ujanani mpaka kaburini: hakuna jambo lisilo na sababu ya kutosha. Najua utauliza, Mjerumani wa zamani hizo ana nini na sisi watu wa Msambweni? Tafadhali usifunue ukurasa mwingine. Kwanza nitakueleza yaliyotufika.

Mwaka jana mwezi wa Mei, masika yalipokuwa yamekolea, kiambaza cha nyumba ya jirani yetu kilianguka usiku. Nyumba yenyewe ni ya kukandika kama nyingi za kwetu: nguzo na fito, udongo, na makuti juu. Mtoto wa miaka sita aliyekuwa amelala kando ya kiambaza hicho akavunjika mguu, akakimbizwa hospitali. Tulimshukuru Mungu kwamba hakufa. Lakini kulipokucha tu, maneno yakaanza. Jioni ya kuamkia siku hiyo nyanya yangu alikuwa amepita nyuma ya nyumba ile na mzigo wa ukindu kichwani, maana kazi yake ni kusuka mikeka. Tena ni mjane, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Basi, hayo yakatosha. Mmoja akasema, wa pili akaitikia, na kufikia alasiri watu wazima walikuwa wamekaa chini ya mwembe kuzungumza habari zake.

Mzee mmoja, mtu wa heshima kabisa ambaye mimi humpa shikamoo kila asubuhi nikienda shule, alisema kwamba kila kitu kina sababu yake, na kiambaza hakiwezi kuanguka bure bure juu ya mtoto yule, usiku ule. Watu wote wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza, maana niliona kwamba amesema kweli. Kila kitu si kina sababu? Usiku huohuo ami yangu akamchukua nyanya kwa bodaboda mpaka kwake Ukunda. Sote tunajua yanayowapata wazee wenye mvi katika pwani yetu wakishaitwa wachawi. Hapa Kwale na kule Kilifi wako waliofukuzwa makwao, na wako waliouawa.

Wiki iliyofuata nilikuwa darasani kwa mwili tu. Mwalimu wetu wa hisabati akaligundua jambo hilo, akaniita pembeni, nami nikamweleza yote. Hakunipa pole nyingi. Alinipa kitabu cha historia ya hisabati na kunionyesha sura moja, akaniambia kwamba humo yumo mtu aliyesema sawasawa na mzee wetu, ila aliongeza neno moja dogo. Nilisoma sura ile, kisha nikatafuta vingine zaidi. Hapa nitakupa nilichopata.

Gottfried Wilhelm Leibniz alizaliwa tarehe 1 Julai 1646 katika mji wa Leipzig. Ujerumani wakati huo ilikuwa katika vita vilivyodumu miaka 30 na kumalizika mwaka 1648, kwa hivyo alifungua macho katika nchi iliyochoka kwa magofu na njaa. Baba yake alikuwa profesa wa maadili katika chuo kikuu cha mji huo. Alifariki mwaka 1652, mtoto akiwa na miaka sita tu. Urithi aliomwachia ulikuwa maktaba. Mwanzoni wakubwa walimfungia mlango wa maktaba hiyo, baadaye wakamfungulia, na hapo ndipo kijana alipojitosa. Akiwa na miaka kama minane hivi alijifunza Kilatini peke yake kwa kutazama picha katika kitabu cha historia ya Roma na kubahatisha maana ya maneno yaliyokuwa chini ya picha hizo. Sisi tuna kamusi na walimu, na bado tunanung'unika juu ya ngeli!

Alipofika miaka 14 aliingia chuo kikuu. Huo ni umri wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, bwana! Alisoma falsafa na sheria. Lakini mwaka 1666 Leipzig ilimnyima shahada ya udaktari, na inasemekana umri wake mdogo ulikuwa kikwazo. Hakukaa kulia. Alihamia chuo cha Altdorf, karibu na Nuremberg, akapata udaktari wa sheria akiwa na miaka 20. Chuo kikampa kazi ya uprofesa, naye akaikataa.

Tasnifu yake ilihusu kesi zile ngumu ambazo mwamuzi hukwama, hajui ashike upande gani. Zamani wako waliosema kwamba hapo ipigwe kura, au mwamuzi aamue apendavyo. Leibniz alikataa. Alishikilia kwamba hata kesi iliyo ngumu kabisa lazima iamuliwe kwa sababu zinazoweza kuelezwa. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikaukumbuka ule mwembe wetu.

Baada ya chuo alikwenda mji wa Mainz, akaajiriwa na Johann Philipp von Schönborn, askofu mkuu aliyekuwa pia mtawala wa nchi hiyo. Kazi yake ilikuwa kusaidia kupanga upya sheria. Hapa lazima nisimame kidogo nikueleze jambo ambalo mimi sikulijua kabla. Wengi wetu tunadhani uchawi na kusingiziana uchawi ni mambo ya Afrika tu. Kumbe sivyo. Huko Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, watu kama 40,000 hadi 60,000 waliuawa kwa kuitwa wachawi, wengi wao wanawake, na Ujerumani ndiko walikouawa wengi zaidi. Tena waliwaua kwa hukumu za mahakama, na majaji wenye vitabu mikononi.

Alikuwapo kasisi mmoja jina lake Friedrich Spee, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaungamisha wanawake waliohukumiwa na kuwasindikiza mpaka kwenye moto. Mwaka 1631 alitoa kitabu bila kuweka jina lake, maana lingemponza. Humo alieleza jinsi mashitaka yale yalivyokuwa yakienda. Mtu alitajwa kwa uvumi, akateswa mpaka akakiri, kisha akateswa tena ataje wenzake. Hao nao wakateswa, nao wakakiri. Mwishowe wote walikuwa wamekiri, na majaji wakasema, mnaona, wachawi ni wengi! Spee alionyesha kwamba maumivu yale yangemfanya hata jaji mwenyewe akiri. Alikufa mwaka 1635 kwa ugonjwa alioupata akiwahudumia askari wagonjwa.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1710, Leibniz alimsifu Spee katika kitabu chake mwenyewe na kumtaja kuwa ndiye mwandishi. Alisimulia kwamba Johann Philipp, alipokuwa bado kijana, alimwuliza Spee kwa nini nywele zake zimekuwa mvi mapema. Spee akamjibu kwamba ni kwa ajili ya wale wanawake aliowasindikiza, kwani hakumwona hata mmoja aliyekuwa na hatia. Kijana yule alipokuja kuwa mtawala alikomesha uchomaji wa watu katika nchi zake. Na ni huyo huyo aliyekuja kumpa Leibniz kazi.

Hebu litie jambo hili kwenye mizani, msomaji. Kukiri kulikuwa ni sababu ya kumhukumu mtu. Lakini ilikuwa sababu ya kutosha? Hilo ndilo neno dogo nililoambiwa na mwalimu. Mzee wetu alisema kila kitu kina sababu. Leibniz alisema kila kitu kina sababu ya kutosha. Ukiliondoa hilo neno la pili, kila uvumi unaweza kuitwa sababu.

Tuendelee na safari yake. Mwaka 1672 alikwenda Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akiwa na mpango mkononi. Alitaka kumshawishi mfalme Louis wa 14 aipige Misri, ili asipate nafasi ya kuipiga Ujerumani. Mpango haukufika popote. Mimi kama Mwafrika lazima niseme kwamba hapo sababu zake hazikunitosha hata kidogo. Nyumba yako ikiwa hatarini, je, ndiyo umwelekeze mwizi kwa jirani? Mtu mwenye akili nyingi naye hukosea, tena sana.

Lakini miaka minne ya Paris ilizaa matunda. Alibuni mashine ya kufanya hesabu iliyoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mwaka 1673 alikwenda nayo London kuwaonyesha wanasayansi wa Royal Society, nao wakampokea kuwa mwanachama. Mwaka 1675 aligundua kalkulasi, na ile alama iliyo kama S ndefu ambayo ndugu zetu wa Kidato cha Nne wanaumizwa nayo vichwa ni yake. Aliitoa kalkulasi hadharani mwaka 1684. Tena mwaka 1703 alichapisha makala juu ya hesabu inayotumia tarakimu mbili tu, 0 na 1. Hesabu hiyo ndiyo inayotumika leo ndani ya kompyuta na simu. Mama akituma pesa kwa simu kutoka Msambweni mpaka Mombasa, zinakwenda kwa sifuri na moja.

Mwishoni mwa mwaka 1676 alifika Hannover, akakaa huko miaka 40 akiwa mtunza maktaba na mshauri wa watawala wa hapo. Hakuoa. Walimtuma kila kazi. Alijaribu kutoa maji katika migodi ya fedha ya milima ya Harz kwa vinu vya upepo, akahangaika miaka kadhaa, mpango ukashindikana. Sisi tulioishi karibu na machimbo ya titani hapa Kwale mpaka yalipofungwa mwishoni mwa mwaka 2024 tunajua kwamba madini hayatoki kwa maneno. Kisha watawala wakamwagiza aandike historia ya ukoo wao. Yeye kwa kupenda kutafuta chanzo cha kila kitu alianza mbali mno, na mpaka anakufa alikuwa amefika mwaka 1005 tu.

Hata Afrika Mashariki aliitolea macho kwa njia ya barua. Aliandikiana na Hiob Ludolf, mtaalamu wa lugha za Ethiopia, ambaye mwalimu wake alikuwa kasisi Mhabeshi aitwaye Abba Gorgoryos. Leibniz alikuwa akikusanya mifano ya lugha mbalimbali za dunia, akiamini kwamba lugha zinaweza kueleza mataifa yametoka wapi.

Sasa tuingie katika fikira yenyewe. Leibniz alisema akili zetu husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba jambo haliwezi kuwa kweli na lisiwe kweli kwa wakati mmoja. Ya pili ni hii ya sababu ya kutosha, kwamba hakuna kinachotokea bila sababu inayotosha kueleza kwa nini kimekuwa hivi na si vingine, hata kama sisi mara nyingi hatuwezi kuijua sababu hiyo. Tafadhali lishike sana hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Kutosha maana yake nini? Maana yake ni kwamba sababu hiyo ikiwapo yote, jambo halina budi kutokea. Kama sababu ipo na jambo halitokei, basi bado kuna kitu kimepungua. Alipenda mfano wa mizani. Chukua mizani ya muuza samaki pale Gazi au Shimoni, tia kilo moja huku na kilo moja kule. Haitainama upande wowote, kwa sababu hakuna cha kuifanya iiname huku badala ya kule. Hilo alimwandikia Mwingereza Samuel Clarke, rafiki wa Newton, katika barua walizopelekeana mwaka 1715 na 1716. Clarke alisema kwamba matakwa ya Mungu peke yake yanatosha kuwa sababu. Leibniz akasema kwamba hata Mungu hatendi kwa kubahatisha, kwa sababu hekima yake haiwezi kuchagua bila sababu.

Kutoka hapo alipata jambo jingine la ajabu. Alisema hakuna vitu viwili duniani vinavyofanana katika kila kitu. Lau vingekuwapo, kusingekuwa na sababu ya kimoja kuwa hapa na kingine kuwa pale. Siku moja katika bustani ya Herrenhausen, mbele ya bibi mtawala Sophie, bwana mmoja alibisha akaenda kutafuta majani mawili yaliyo sawasawa kabisa. Alizunguka bustani nzima asiyapate. Mimi na rafiki yangu tulilijaribu jambo hili chini ya mkorosho ulio nyuma ya darasa, wakati wa mapumziko. Tulikusanya majani 60. Kila tulipodhani tumepata pacha, moja lilikuwa na mshipa umepinda au kidoa cha mdudu. Kengele ikalia, tukashindwa.

Na ukiuliza sababu ya jambo, sababu hiyo nayo ina sababu yake, na hiyo nayo ina yake. Huko nyuma kabisa Leibniz alikutana na swali kubwa kuliko yote, aliloliandika mwaka 1714: kwa nini kuna kitu, badala ya kutokuwa na chochote? Jibu lake lilikuwa Mungu. Akaongeza kwamba kwa kuwa Mungu ni mwema na mwenye hekima, dunia hii lazima iwe bora kuliko zote ambazo zingewezekana. Hapo watu wengi walimcheka. Mwaka 1755 mji wa Lisbon, Ureno, ulibomolewa na tetemeko la ardhi, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka 1759 Mfaransa Voltaire akaandika hadithi ya Candide kumfanyia mzaha. Mimi nami nikiutazama mguu wa mtoto wa jirani, sioni rahisi kusema kwamba hii ndiyo dunia bora. Lakini mtu kukosea jibu moja hakufanyi swali lake kuwa baya.

Katika kutafuta nikakutana na habari ya Wazande, watu wanaokaa Sudan Kusini na kaskazini ya Kongo. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikaa nao miaka ya 1920, akatoa kitabu mwaka 1937. Aliandika kwamba huko watu hupumzika chini ya ghala za nafaka kukimbia jua, na mara nyingine ghala huanguka na kuwaumiza. Wazande walijua vizuri kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Walilouliza wao ni kwa nini ghala ianguke saa ileile watu hawa walipokuwa chini yake. Jibu lao lilikuwa uchawi.

Nilishtuka, maana lilikuwa neno kwa neno swali la mzee wetu. Nikaona kwamba mzee si mjinga, na Wazande si wajinga. Wanauliza swali la Leibniz lenyewe, kwa nini hivi na si vingine. Tofauti iko katika jibu. Wao walilipata upesi mno, na jibu lilikuwa na jina la mtu.

Mwezi wa Julai kikao kiliitishwa tena, mzee wa kijiji akiwapo. Ami alitoka Ukunda na sururu. Yeye ni fundi wa nyumba, basi hakubishana na mtu. Aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akachimba pale nguzo zilipokuwa, akazitoa vipande vyake na kuviweka katikati ya watu. Ndani zilikuwa tupu kama mabua, mchwa wamezimaliza. Akaonyesha pia kwamba maji ya makuti yalikuwa yakidondoka pale pale bila mfereji wa kuyatoa. Kisha akawakumbusha kwamba katika mvua zilezile viambaza viwili vingine vilianguka kijijini, na hakuna aliyemtafuta mchawi wa viambaza hivyo, maana hakukuwa na mtu aliyelala kando yake.

Mimi ni mtoto, sikustahili kusema mbele ya wazee. Ami ndiye aliyeniombea nafasi ya kuuliza jambo moja tu. Nikawaamkia, kisha nikauliza nyanya amepita nyuma ya nyumba ile mara ngapi. Mwenye nyumba akafikiri, akasema ni kila jioni, tangu nyumba ijengwe miaka mitatu iliyopita. Hizo ni jioni zaidi ya 1,000. Kama kupita kwake kulitosha kuangusha kiambaza, mbona hakikuanguka jioni ya kwanza? Mtu mmoja akadakia kwamba siku ile alipita na moyo mbaya, kwani alikuwa akimdai mwenye nyumba pesa za mkeka. Ami akacheka, akasema mama yake anadai nusu ya kijiji, na nyumba zote zimesimama.

Yule mzee wa heshima akarudia swali lake taratibu: sawa, mchwa na mvua, lakini kwa nini mtoto yule, usiku ule? Nilijua jibu la Leibniz, lakini mama wa mtoto alinitangulia. Alisema mtoto yule kwa kawaida hulala na dada yake chumba cha pili. Usiku ule pale palikuwa panavuja, akamhamisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliposema hivyo akaanza kulia. Sote tukainamisha vichwa. Nikafahamu kwamba labda muda wote ule alikuwa akiogopa sababu itafutwe, isije ikafika kwake. Na yeye pia hakuwa sababu ya kutosha. Mvua ilikuwa na sababu zake, mchwa wana zao, makuti yaliyovuja yana yao, na mama alitaka mtoto asilowe. Zote zilikutana usiku mmoja. Leibniz alisema sababu za jambo moja tu zinaweza kwenda mbali bila kikomo, na anayeziona zote pamoja ni Mungu peke yake. Mwanadamu akikosa kuziona zote, hana ruhusa ya kujaza pengo kwa jina la jirani.

Mzee hakusema tumeshinda. Alisema ujuzi ni wa Mungu, akainuka, akakung'uta kikoi chake, akaenda kuswali alasiri.

Nimalizie maisha ya mtu wetu. Miaka yake ya mwisho haikuwa mizuri. Waingereza walimshutumu kwamba kalkulasi ameiiba kwa Newton. Mwaka 1712 Royal Society iliunda kamati ya kuchunguza, na rais wa Royal Society wakati huo alikuwa Newton mwenyewe! Leo wanahistoria wanakubali kwamba kila mmoja aliigundua kivyake. Basi hata mzee wa sababu ya kutosha alihukumiwa kwa sababu zisizotosha. Mwaka 1714 mtawala wake wa Hannover alikwenda London kuwa mfalme wa Uingereza, Leibniz akaachwa nyuma amalize ile historia. Alifariki tarehe 14 Novemba 1716, akiwa na miaka 70. Watawala hawakuja kumzika, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 50 bila jina.

Lakini aliacha karatasi kama 200,000, zikiwamo barua kama 15,000. Kazi ya kuzichapisha ilitoa juzuu ya kwanza mwaka 1923 na mpaka leo haijaisha. Mwaka 2007 UNESCO iliziingiza barua zake katika kumbukumbu za dunia, mwaka mmoja kabla ya kaya zetu za Wamijikenda, pamoja na Kaya Kinondo ya hapa Diani, kuingizwa katika urithi wa dunia.

Nyanya alirudi mwezi wa Agosti. Anasuka mikeka kama zamani. Mtoto wa jirani anatembea, ingawa anachechemea kidogo, na nyanya ndiye anayempa viazi vya kuchemsha akipita. Sitakudanganya kwamba mambo yote yamekwisha. Wako wanawake ambao hata leo wakimwona njiani huzunguka nyuma ya migomba, na nyanya hujifanya haoni.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu na walimu wetu, tuendelee kuitumia methali ya moshi na moto, ni methali nzuri. Lakini kwanza tuhakikishe kwamba ni moshi kweli, isije ikawa ni ukungu wa asubuhi. Na mtu akikutajia sababu ya jambo, hasa ikiwa sababu hiyo ina jina la mtu na mtu mwenyewe ni mzee asiye na wa kumtetea, muulize kwa adabu: inatosha?

Wenu mwanachama wa chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.